Kovu Moja, Sarafu Mbili

Senti kumi ya mwaka 1936 ina tundu katikati, na kulizunguka tundu hilo mara nyingi limeandikwa jina la Edward wa Nane, mfalme wa Uingereza aliyejiuzulu Desemba mwaka huo huo kabla ya kutawazwa. Ukiitafuta mtandaoni leo utakutana na matangazo yanayoiita adimu na ya pekee, yenye bei zinazopanda mpaka kiasi cha kumnunulia mtu pikipiki. Sarafu yenyewe mara nyingi ni halisi kabisa. Kilichoghushiwa ni habari yake.

Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliagiza senti tano na senti kumi za mwaka ule kwa mamilioni. Zina tundu, kwa hiyo hazikuhitaji sura ya mfalme. Jina na cheo chake vilitosha, na mitambo iliweza kuanza kazi bila kungoja mchoraji amalize uso wa kifalme. Uingereza kwenyewe mambo yalikwenda kinyume: sarafu zenye sura ya Edward hazikuwahi kutolewa kwa umma, na zile chache za majaribio zilizobaki zina bei ya kushtua. Januari 2020 moja ya dhahabu iliuzwa kwa pauni milioni moja. Muuzaji wa mtandaoni huchukua habari ya ile ya dhahabu na kuivika senti kumi ya shaba. Kila alichosema kuhusu mfalme ni kweli, na hakuna hata kimoja kinachoihusu sarafu anayoiuza.

Hapo ndipo uchambuzi wa sarafu bandia unapaswa kuanzia, hasa katika mahali kama Kaaga. Eneo hili la Meru, karibu na mji na kwenye miteremko ya Mlima Kenya, lilipata misheni ya Wamethodisti mwaka 1912, enzi ambazo kodi ya kibanda ilikuwa ikiwalazimisha watu wa mlimani kutafuta fedha taslimu. Rupia na senti zake zilifika kwanza, kisha baada ya mwaka 1921 zikafuatwa na shilingi na senti zenye tundu, zilizotungwa uzi na kuhifadhiwa kwenye makopo, viondo na masanduku ya mbao. Ndururu na peni, yaani senti tano na senti kumi hizo, zilitumika mpaka Kenya ilipotoa sarafu zake yenyewe mwaka 1966. Leo mjukuu anayesoma katika chuo kikuu cha Wamethodisti hapo hapo Kaaga anaweza kuzipiga picha kwa simu na kuziingiza kwenye mnada kabla nyanya yake hajamaliza kueleza alizipataje. Mjukuu huyo huyo, akinogewa, anaweza pia kuanza kununua. Katika kuuza na katika kununua, anaingia sokoni ambako mambo matatu tofauti yote huitwa bandia, na kila moja linataka uchunguzi wake.

La kwanza ni hilo la sarafu halisi iliyovikwa uongo. La pili ni sarafu halisi iliyochezewa: mwaka umekwanguliwa, herufi imebandikwa, tundu limezibwa. La tatu ni kitu kilichotengenezwa jana kikapakwa uzee. Wanunuzi wengi huogopa hili la tatu peke yake, wakalipa fedha nyingi kwa yale mawili ya mwanzo.

Shaba ina tabia zinazomfaa mghushi. Ni laini, huyeyuka kwa moto unaopatikana katika karakana ya kawaida ya jua kali, na hubadilika rangi kwa urahisi. Fedha na dhahabu zikighushiwa, tofauti ya rangi au uzito huweza kumshtua mnunuzi mapema. Shaba ya zamani haina rangi moja inayotegemewa. Inaweza kuwa nyekundu, kahawia, nyeusi au kijani kulingana na mahali ilipokaa, na kila moja ya rangi hizo inaweza kuigizwa kwa asidi, kwa mvuke wa amonia, kwa moto au kwa kuzikwa kwenye samadi. Kutu halisi huota taratibu kutoka ndani ya madini, ikaanza na tabaka jekundujekundu lililoshikamana na shaba, juu yake kahawia au kijani kigumu. Kutu ya haraka hukaa juu juu kama unga, husambaa sawasawa kote, na mara nyingi huwa na rangi moja kwenye sehemu zilizoinuka na zilizobonyea. Sarafu iliyopita katika mikono ya watu kwa miaka 30 haiwezi kuwa hivyo. Sehemu zilizoinuka husuguliwa zikang'aa, na mabonde huhifadhi weusi.

Halafu kuna suala la bei, ambalo wengi hulitazama kwa mtazamo uliopinduka. Mtu atauliza: kwa nini mghushi ahangaike na senti za shaba wakati kuna dhahabu? Jibu ni kwamba sarafu ya bei ndogo haichunguzwi. Kampuni za Marekani zinazokagua sarafu na kuzifungia kwenye vikasha vya plastiki hutoza makumi ya dola kwa kila moja, ukijumlisha usafirishaji na bima. Hakuna atakayelipa gharama hiyo kwa sarafu ya dola 15. Kwa hiyo ile ya dola 15 hupita mikono mitano, kumi, bila jicho hata moja la mtaalamu, na anayeziuza mia moja hupata kile ambacho angekipata kwa kuhatarisha sarafu moja ya dhahabu. Wanaodhani umaskini wa shaba ndio ulinzi wake wamekosea.

Vipimo vya kwanza ni rahisi, na huwaondoa mapema waongo wavivu. Sumaku kwanza: shaba na mchanganyiko wake na bati havinaswi, chuma kilichopakwa shaba hunaswa mara moja. Lakini zinki na risasi pia hazinaswi, kwa hiyo kuponea sumaku si ushahidi wa uhalisi. Wauzaji wanaorekodi video ya sumaku ikishindwa kunasa sarafu yao wanaonyesha jambo dogo kwa kishindo kikubwa.

Uzito una nguvu zaidi, na humnasa pia mnunuzi mwenye haraka. Pesa ya Mombasa ya mwaka 1888, iliyotolewa na Kampuni ya Kifalme ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, ilifuata kipimo cha robo anna ya India: takriban gramu 6.5 na upana wa milimita 25. Pesa ya Kijerumani ya mwaka 1890 na ile ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar zinakaribiana nayo, kwani zote zilikusudiwa kupokewa na wafanyabiashara wale wale wa pwani. Senti kumi ya Bodi katika miaka ya 1930 ilikuwa nzito zaidi, gramu 11 na ushei. Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto shaba ikawa haba, na senti kumi ikapunguzwa unene mpaka karibu gramu 9.5. Mtu asiyejua hilo akiweka senti kumi ya mwaka 1943 kwenye mizani, akaona imepungua kwa karibu gramu mbili, ataitupa kama bandia, naye amekosea. Anayelijua nusu nusu ataipokea ya mwaka 1936 yenye gramu 9, akidhani upungufu ni wa vita. Kumbe nakala ya zinki yenye ukubwa ule ule wa sarafu nzito ingekuja karibu na gramu 9 hizo hizo.

Ndiyo maana uzito peke yake hautoshi bila ujazo, na kuupata ujazo hakuhitaji maabara. Sarafu hufungwa kwa uzi mwembamba na kuning'inizwa ndani ya maji yaliyo kwenye bilauri iliyowekwa juu ya mizani, bila kugusa chini. Kiasi ambacho mizani huongezeka ndicho ujazo wake, na uzito ukigawanywa kwa ujazo huo hutoa msongamano. Shaba safi ina msongamano wa 8.96, mchanganyiko wake na bati hukaribia hapo, shaba ya njano iliyotiwa zinki hushuka mpaka 8.5 hivi, na zinki yenyewe ni 7.1. Tatizo liko kwenye mizani. Pesa ya Mombasa ya gramu 6.5 inapaswa kuongeza gramu 0.73. Mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu itaonyesha 0.7 au 0.8, na hesabu itatoa ama 9.3 ama 8.1, majibu mawili yasiyosaidia chochote. Inayosoma sehemu ya mia, kama zile za vito, ndiyo inayofaa, na bei yake ni ndogo kuliko hasara ya ununuzi mmoja mbaya.

Baada ya hapo jicho huhamia kwenye namna kitu kilivyotengenezwa. Sarafu za viwandani hupigwa chapa: kipande cha shaba kilicho baridi hubanwa kwa nguvu kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu. Herufi hutoka na kingo kali, na uwanja kati yake huwa bapa na laini. Nakala ya kienyeji husubiwa, yaani madini humiminwa yakiwa maji kwenye kalibu. Madini yakipoa hunywea, gesi huacha vitobo vidogo, na herufi hutoka zimelainika kwenye mashina kana kwamba zimeota kutoka kwenye tope. Ukingo ndio unaosema zaidi, nao ndio wauzaji hawapendi kuupiga picha: mshono wa nusu mbili za kalibu hupita hapo, na mghushi anapoupiga tupa huacha mikwaruzo inayoelekea upande mmoja. Kwa sarafu zenye tundu, la kutazamwa ni midomo ya tundu. Kiwandani tundu lilitobolewa mapema na ukingo wake hukaa safi. La kusubiwa huwa na mdomo wa mviringo, na lililosawazishwa baadaye huonyesha alama za kifaa. Tundu lililo pembeni kidogo halina hatia yoyote. Kiwanda kilikosea hivyo mara nyingi, na zile zilizokosa kabisa kutobolewa hutafutwa na wakusanyaji, jambo linalowapa wengine sababu ya kuziba tundu la sarafu ya kawaida na kuiuza kama kosa la kiwandani. Chini ya lenzi, kiziba huonekana kama duara la rangi tofauti.

Kigezo kingine ni mwelekeo wa pande mbili. Sarafu za Bodi zikigeuzwa kama ukurasa wa kitabu, upande wa pili husimama wima. Anayezighushi kwa kunakili picha mbili zilizotoka sehemu mbalimbali mara nyingi hasumbuki kuulinganisha upande mmoja na mwingine.

Yote hayo yanafaa pale sarafu iko mkononi. Kwenye mnada wa mtandaoni mnunuzi ana picha mbili tu, pengine zenye ukungu, na saa inayohesabu kurudi nyuma. Huko kipimo chenye nguvu kuliko vyote ni ulinganishaji, na wakusanyaji wa shaba ya zamani ya Marekani ndio waliokionyesha vizuri zaidi.

Senti kubwa za Marekani zilipigwa kwa shaba tupu kati ya mwaka 1793 na 1857. Katika miaka ya 2010 wakusanyaji wake waligundua nakala zilizopigwa chapa kwa ustadi kiasi kwamba uzito, madini na kingo vilikubalika. Baadhi ziliwapita hata wakaguzi wakubwa, zikafungiwa kwenye vikasha halisi vyenye vyeti halisi. Zilinaswa pale watu walipoziweka picha kadhaa kutoka minada mbalimbali upande kwa upande, wakaona kibonyeo kidogo mahali palepale, mkwaruzo ule ule, na kidoa kilekile kando ya herufi ileile. Mghushi alikuwa amenunua sarafu moja halisi, akainakili sura yake kwenye mihuri, na mihuri ikarithi kila dosari ambayo sarafu ile iliipata maishani mwake.

Mantiki yake inahitaji kushikwa barabara, kwa kuwa nusu yake hupotosha. Sarafu zote zilizotoka kwenye muhuri mmoja hufanana, na zinapaswa kufanana. Muhuri ukipasuka, ufa ule hujaa shaba na kujitokeza kama mstari ulioinuka katika kila sarafu iliyofuata. Wataalamu hutegemea mistari hiyo kutambua uhalisi. Lakini kibonyeo cha kuangushwa kwenye sakafu, au mkwaruzo wa msumari, ni jambo lililoikuta sarafu moja baada ya kutoka kiwandani. Mapacha wanaweza kuzaliwa na sura moja, hawawezi kuanguka kutoka mwembe mmoja wakapata kovu lile lile mahali palepale. Basi dosari iliyoinuka ikijirudia, huenda ni ya muhuri na ni ya heri. Dosari iliyobonyea ikijirudia katika sarafu mbili, moja kati yake ni nakala ya nyingine, au zote mbili ni nakala za ya tatu.

Mghushi mwangalifu hujaribu kuzisawazisha dosari kwenye muhuri kabla ya kupiga. Hata hivyo marekebisho yenyewe huacha alama: mguu wa herufi unaonenepa ghafla, meno ya ukingo yaliyopotea sehemu moja, au tarakimu iliyochorwa upya kwa mkono usiolingana na wenzake. Nazo pia hujirudia.

Kwa mnunuzi wa Kaaga anayetafuta pesa ya Mombasa ya 1888, maana yake ni kazi ya subira inayogharimu bando tu. Picha za sarafu za aina hiyo zilizouzwa na nyumba za minada zinazojulikana hupatikana bure, na kuna kumbukumbu huria kama Numista zinazoonyesha vipimo na sura. Huko atajifunza kwamba pesa ile ilipigwa katika viwanda viwili, kimoja cha Heaton kule Birmingham kinachotambulika kwa herufi H, kingine cha Calcutta, na kwamba upande mmoja una mizani yenye vitanga viwili na mwaka wa Hijria 1306. Kisha atazilinganisha picha za mnada na nyingine tatu au nne zinazoaminika. Atatafuta pia picha hiyo hiyo mahali pengine kwa zana za kutafutia picha. Ikijitokeza kwenye mnada wa miaka mitatu iliyopita katika nchi nyingine, muuzaji hana sarafu iliyo kwenye picha.

Mwaka wa Hijria umewaingiza wengi hasarani kwa njia nyingine. Pesa ya shaba ya Barghash ina tarakimu za Kiarabu za mwaka 1299, sawa na 1882 hivi. Anayezisoma tarakimu hizo kama mwaka wa Masihi, kwa kutojua au kwa kujua, anapata sarafu ya zaidi ya miaka mia saba iliyopita na bei ya kuifanania. Kwa kweli ni ya kawaida sana pwani nzima, na nzuri, na anayeipenda hana haja ya kuizeesha.

Kilwa ndiko sarafu zilikopigwa mapema kweli kweli. Masultani wake, kuanzia Ali bin al-Hasan wa karne ya 11, walitoa visarafu vya shaba visivyo na mwaka, vyenye maandishi ya Kiarabu yenye vina: upande mmoja sifa ya Mungu, upande wa pili jina la sultani. Vimechimbuliwa Kilwa, Mafia, Unguja na Pemba, na kimoja kilionekana Zimbabwe Kuu. Mwaka 1944 askari wa Australia, Morry Isenberg, aliokota sarafu tisa katika Visiwa vya Wessel kaskazini mwa nchi yake. Tano zilitambuliwa baadaye kuwa za Kilwa, na wanahistoria bado wanabishana zilifikaje huko. Umaarufu huo umevipa visarafu hivi mvuto ambao mghushi hawezi kuupuuza, na ukosefu wa mwaka pamoja na utengenezaji wa mkono humrahisishia kazi. Kila kimoja kina umbo lake, kwa hiyo mizani haisaidii sana. Kinachosaidia ni kusoma: mghushi asiyejua Kiarabu huziiga herufi kama mapambo, nukta na vikono vikaangukia mahali pasipo na maana. Kinachosaidia zaidi ni kuuliza kilitoka wapi. Tangazo linalosema kisarafu cha Kilwa kimefukuliwa kwenye shamba la kahawa huko Meru linahitaji ushahidi mzito kuliko sarafu yenyewe.

Tabora inaleta kesi ngumu kuliko zote. Wajerumani walipozingirwa mwaka 1916 na kukosa chenji, walipiga sarafu za heller 5 na heller 20 katika karakana ya reli mjini humo, kwa shaba nyekundu na shaba ya njano, wakaongeza na rupia 15 za dhahabu zenye tembo mbele ya mlima. Heller za Tabora zilitengenezwa kwa haraka, kwa mihuri iliyochongwa kwa mkono na vipande vya unene usiolingana. Zina herufi zilizopinda, maeneo yasiyoshika chapa, na uzito unaotofautiana kutoka moja hadi nyingine. Karibu kila dalili ya ubandia iliyotajwa hapo juu inaweza kupatikana katika heller halisi ya Tabora! Hapo mtu aliyekariri orodha ya dalili amekwama, ila aliyezoea kulinganisha hajakwama. Aina za mihuri iliyotumika zilikuwa chache, wakusanyaji wamezitofautisha kwa umbo la taji na mapambo ya herufi, na heller ambayo sura yake haitokani na mojawapo haikutoka Tabora, hata ikiwa na uzito wa kupendeza na kutu ya kupendeza zaidi.

Minada yenyewe ina dalili zisizohusu shaba hata kidogo. Muuzaji anayeonyesha nakala sita za sarafu anayoiita adimu. Picha zilizopigwa upande mmoja tu. Maelezo yanayokwepa kutamka kwamba ni halisi, yakisema imetoka kwenye mali ya marehemu babu na kwamba yeye si mtaalamu. Zabuni zinazopandishwa na akaunti zilizofunguliwa wiki ile ile. eBay ilipiga marufuku uuzaji wa nakala za sarafu mwaka 2012, na sheria ya Marekani ya mwaka 1973 inataka nakala ichapwe neno COPY, lakini makundi ya mitandao ya kijamii na kurasa za matangazo madogo hazina mlinzi wa namna hiyo. Kesi zikifika mahakamani Kenya, kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kuhusu kujipatia mali kwa hila kinatoa hadi miaka mitatu jela. Kwa sarafu ya shilingi 2,000 aliyoituma mtu asiyejulikana, ni wachache watakaokwenda kituoni kuandikisha taarifa. Ushahidi muhimu zaidi, yaani ukurasa wa tangazo wenye picha, huweza kufutwa mara mnada unapoisha, kwa hiyo anayetaka kulalamika au kuwasaidia wengine inambidi azihifadhi picha siku ile ile ya kununua.

Hata vikasha vya plastiki vya wakaguzi vimeghushiwa. Nambari ya cheti hukaguliwa kwenye tovuti ya kampuni husika, na haitoshi nambari kuwepo. Picha iliyohifadhiwa na kampuni lazima ioane na sarafu iliyo kwenye mnada, kovu kwa kovu, kwani waghushi hunakili nambari ya cheti halali na kuibandika kwenye vikasha vingi.

Muuzaji wa Kaaga naye anastahili kutetewa, kwa sababu katika mjadala huu mara nyingi huhesabiwa kama mshukiwa. Sarafu zake karibu zote ni halisi na karibu zote ni za bei ndogo. Anapozipiga picha gizani, juu ya kitambaa chenye maua, zikiwa zimesuguliwa kwa majivu na ndimu mpaka zikang'aa, anajinyima mambo mawili kwa pamoja: thamani, kwani mkusanyaji hulipia uso ambao haukuguswa, na uaminifu, kwani shaba iliyosuguliwa hufanana na shaba mpya. Iachwe ilivyo. Ipigwe picha kwenye mwanga wa asubuhi kivulini, pande zote mbili na ukingo, ikiwa juu ya mizani, kando yake karatasi yenye tarehe iliyoandikwa kwa mkono. Bei itafutwe kwenye mauzo yaliyokamilika. Bei za matangazo zinazongoja mnunuzi miezi na miezi hazina la kumfundisha.

Na ajihadhari na mnunuzi kuliko mnunuzi anavyojihadhari naye. Hila iliyozoeleka ni ya anayejitokeza na ahadi ya laki kadhaa kwa senti kumi yenye tundu, kisha akaomba ada ndogo ya usajili, ya cheti au ya mtaalamu, itumwe kwanza kwa M-Pesa. Ada ikitumwa hutokea nyingine. Mtu huyu hajali kama sarafu ni ya shaba au ya sabuni, kwa maana hana nia ya kuiona. Uongo ule wa Edward wa Nane humlisha yeye pia: bila habari ya sarafu za mamilioni, hakuna mzee ambaye angetuma shilingi 1,500 ili auze peni.

Ikitokea sarafu ya kwenye kopo ikathibitika kuwa ya zamani kweli, linakuja jambo ambalo matangazo hayalitaji kabisa. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kama mali ya kale kitu chochote kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, na kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Pesa ya Mombasa ya 1888 iko ndani ya mpaka huo. Pesa ya Barghash na ile ya Kijerumani ya 1890 zimo pia, iwapo ziliingia nchini mapema. Senti za Bodi zote ziko nje yake. Muuzaji anayeifunga pesa ya 1888 kwenye bahasha kwenda kwa mnunuzi wa Ujerumani anaweza kuwa amethibitisha uhalisi wake kwa uaminifu wote na bado akavunja sheria. Kabla ya bahasha kufungwa, Makumbusho ya Meru yako mjini, mwendo mfupi kutoka Kaaga, na kuuliza hapo hakulipiwi ada ya usajili.